Jina Ambalo Koko Feza Hakulitaja

Katika sura hii kuna mtu mmoja ambaye sitamtaja jina. Nitamwita Profesa, kama tulivyomwita sote alipokuwa na nguvu zake. Watu wa fani yangu watamtambua; wengine hawatapungukiwa na kitu. Mapema mwaka huu binti yake, Estere, alinipigia simu kutoka Walikale akaniomba niende nimpime baba yake akili, kwa sababu madaktari waliotangulia walimkuta mzima kabisa, na yeye anayeishi naye alijua kwamba si mzima. Nilimwambia nitaangalia kalenda yangu. Kalenda ilikuwa mbele yangu na ilikuwa tupu. Nilitaka tu asubiri kidogo, na nilitumaini baba yake yuko karibu, anamwona binti yake akisubiri. Mimi ni daktari wa magonjwa ya akili, nafundisha Kisangani, na utafiti wangu wote umekuwa juu ya wazee wanaopoteza kumbukumbu. Wanafunzi wakiniuliza kwa nini nilichagua tawi hili lisilo na sifa wala safari nyingi, huwa nawajibu kwa sauti ya upole kwamba nawapenda wazee. Si kweli. Wazee wengi wananichosha, na mimi mwenyewe naelekea kuwa mmoja wa wale watakaochosha zaidi. Nilichagua kazi hii kwa sababu ya mwaka mmoja niliokaa Nyabiondo nikiwa msichana, na kwa sababu ya mtu huyo. Wenzangu wana wito. Mimi nina kisasi nilichokisomea.

Mwaka ule chuo chetu cha Goma kilikuwa kimefungwa kwa mgomo wa walimu, na Profesa alikuwa anatafuta mwanafunzi wa udaktari anayejua Kihunde, amtafsirie kwa wazee wa milima ya Masisi. Alikuwa ametoka Kinshasa, lakini kwao ni Walikale, Mnyanga kwa kabila, mtoto wa mwindaji aliyesoma mpaka Ulaya na kurudi na kofia ambayo hakuivua hata kanisani. Nilimwabudu kabla sijamwona. Kwa heshima yake nilivaa viatu vyeupe, ambavyo havikuvuka Sake, kwa kuwa ndipo pikipiki ilipokwama kwenye tope na dereva akanigeukia na kuniuliza, “Dada, unashuka kusukuma, ao hivi viatu ni vya kuangalia tu?” Nilishuka. Nilifika Nyabiondo peku, nikiwa nimebeba viatu mkononi kama mtu anayebeba kuku wawili waliokufa, na hivyo ndivyo sayansi iliniona kwa mara ya kwanza.

Profesa na msaidizi wake, Dokta Inosenti, walilala parokiani. Mimi nilipelekwa kwa mjane mmoja aliyeitwa Koko Feza. Koko kwetu ni bibi. Nyumba yake ilikuwa ya mbao na udongo, vyumba viwili na jiko la nje. Chumba nilichopewa ndicho kilichokuwa ghala la mbegu, nikalala kati ya ukuta na mifuko ya maharagwe, na harufu ya maharagwe makavu na moshi iliingia katika nywele zangu ikakaa humo mwaka mzima. Tulikula jikoni, yeye kwenye kigoda, mimi kwenye jerikani: bugali wa muhogo, maharagwe, mboga ya lenga-lenga, na siku ya soko kipande cha jibini ambacho yeye alikiita sabuni na hakukigusa. Aliongea akila, akipepeta, akikuna goti lake bovu. “Unasomea udaktari ya nini?” aliniuliza juma la kwanza. Nikamwambia ya watu wote. “Ya watu wote njo ya nani? Mimi goti inaniuma toka bwana yangu iko muzima. Anza na goti.” Kila jioni nililikanda goti lile kwa mafuta ya mawese, na kila jioni alinijulisha kwamba halijapona na kwamba serikali inapoteza wakati wake kunisomesha.

Mume wake hakumtaja kwa jina. Alimwita Papa Bahati, kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Baba wa mume wake, mzee aliyefyeka pori la mlima ule, alimwita Mwenye Kilima, na hata hilo alilisema kwa sauti iliyoshuka. Mwanamke wa umri wake aliyeolewa hamtaji baba mkwe wake, awe hai au amekufa. Hakuna anayemchunga. Ni kama wewe na mimi tusivyotembea uchi barabarani: hatuna haja ya sheria. Shamba la Mwenye Kilima lilipanda mteremko nyuma ya nyumba, maharagwe chini na muhogo juu, na baada ya mume kufa lilibaki kwa Koko Feza. Hakuwa na kingine. Mtoto wa shemeji yake, Papa Gedeoni, mwanaume mnene mwenye ng'ombe na redio kubwa, alilitaka kwa malisho. Alikuwa akipita jikoni na kusema, akiniangalia mimi, “Mumama muzee hawezi lima kilima yote ile.” Koko Feza alikuwa akijibu akiniangalia mimi vilevile, kana kwamba nalipwa kutafsiri hata hapo, “Mwambie akuje alime. Mimi nitakaa hapa namuangalia. Inikuwe sinema.”

Kipimo cha kumbukumbu, alichokitunga Profesa mwenyewe, kilifanyika katika ukumbi wa parokia. Profesa aliuliza, mimi nikatafsiri, Dokta Inosenti akaandika. Siku ya Koko Feza nilikuwa nimejaa fahari kama mzazi siku ya mitihani. Alijua mwezi, alijua ni Jumanne, alijua rais na akaongeza maoni yake juu ya rais, ambayo sikuyatafsiri. Aliyashika maneno aliyopewa ayakumbuke, embe, kiti na mvua, akayarudisha na kuuliza kama hakuna mengine. Kisha Profesa akamuuliza ana watoto wangapi. “Kama vile Mungu alinipatia,” alijibu, kwa sababu watoto hawahesabiwi kama mbuzi, hasa kwa mama aliyezika baadhi yao. “Andika: hajui,” akasema Profesa. Mume wako aliitwa nani? “Papa Bahati.” Jina lake mwenyewe? Kimya. Baba wa mume wako? “Mwenye Kilima.” Jina lake? Koko Feza akanitazama, kwa huruma zaidi kuliko kwa hasira, kama mtu anayeshangaa watoto wa siku hizi wanafundishwa nini. “Andika: hajui.” Niligeuka nikamwambia Profesa kwa Kifaransa kwamba anajua, ila mwanamke kwetu hataji wakwe zake. Alinikatiza kabla sijamaliza. “Mademoiselle,” akasema, “sayansi haina wakwe.” Dokta Inosenti akacheka. Kwa bahati mbaya hata mimi nilitabasamu kidogo. Sentensi ilikuwa nzuri, na nilikuwa katika umri wa kuheshimu sentensi.

Wanawake waliofuata walianguka palepale, mmoja baada ya mwingine, na mimi nilirudia maelezo yangu mpaka Profesa akaniomba nitafsiri maswali na kuacha hotuba. Niliamini bado kwamba hanielewi. Nilifikiri amekaa Ulaya muda mrefu, amesahau. Kisha ukaja mchana mmoja Papa Gedeoni alipoleta mbuzi parokiani, na wanaume wakala ndani, mimi nikala nyuma ya jiko na mpishi, Mama Noela. Dirisha lilikuwa wazi. Nikamsikia Dokta Inosenti akisema, kwa Kifaransa, kwamba wanawake wote wanakwama kwenye lile swali la wakwe. Profesa alikuwa anatafuna. Alimaliza kutafuna kwanza. “Unafikiri sijui? Mama yangu amekufa hajamtaja babu yangu hata mara moja. Lakini tukiliondoa swali lile tutarudi na nini? Wazee wazima wa Masisi? Nani atanialika kwenye mkutano nizungumze juu ya wazee wazima?” Mama Noela, ambaye Kifaransa chake kilikuwa cha kanisani, alinigusa kiwiko. “Anasema nini?” Nikamwambia anasema nyama iko nzuri. “Nilijua,” akasema Mama Noela, akanijazia sahani. Nakumbuka uzito wa sahani ile mapajani. Nakumbuka ukucha wa mguu wangu, ulimi wa mbwa wa parokia, kila kitu. Watu wanadhani chuki huja kama moto. Kwangu ilikuja kama usafi, kama mtu aliyenifutia miwani.

Papa Gedeoni hakuwa ameleta mbuzi kwa ajili ya sayansi. Siku chache baadaye alitembea soko zima akiwa na karatasi yenye muhuri wa Profesa, ikisema kwa Kifaransa kwamba mjane Feza anaugua ugonjwa wa kusahau na hawezi kusimamia mali. Nilikwenda moja kwa moja parokiani. Profesa alinipokea vizuri, akanipa kiti. “Mlete,” akasema. “Nitampima tena mbele yako. Ataje jina moja tu, la mume au la baba mkwe, naichana karatasi.” Alisema hivyo akijua kabisa. Alikuwa kama mtu anayemwahidi kiwete zawadi akimaliza mbio.

Nilishuka mlima nikikimbia, na jikoni nilipiga magoti, ambalo ni jambo la kuchekesha kidogo ukizingatia kwamba mwenye goti bovu alikuwa yeye. Nilimwambia ataje tu, mara moja, kwa sauti ndogo, mbele ya mtu mmoja ambaye si wa ukoo, kisha shamba linabaki. Alikuwa anachagua maharagwe ya mbegu, mazuri upande huu, yaliyotobolewa upande ule. Hakuacha. “Nimukosee heshima muzee wa watu juu ya maharagi?” “Si maharagi, Koko. Ni shamba. Utakula nini?” “Ile Prof yako iko na mama?” “Alikufa.” “Mama yake alitajaka wakwe yake?” Nikasema hapana, hakutaja, nimemsikia mwenyewe akisema. Hapo mkono wake ukasimama juu ya ungo. Alifikiri kidogo, akachukua punje moja iliyotobolewa na kuitazama. “Basi anajua,” akasema. “Mimi nilizania ni mujinga, nilikuwa namuombea.” Akaitupa punje nje kwa kuku, na hatukulizungumza tena.

Kikao cha kuamua shamba ni la nani kilifanyika mbele ya nyumba ya chifu. Kila aliyekaa pale aliijua mila, lakini hakuna aliyejua maswali yalikuwa nini, kwa hiyo nilisimama nikayasema. Wanawake walianza kunung'unika. Chifu, mtu mwangalifu aliyeogopa mihuri kuliko nyoka, alimgeukia Profesa. “Njo vile, Prof? Ulimuuliza jina ya mukwe wake?” Hapo palihitajika neno moja tu. Profesa aliivua kofia yake, mara ya pekee niliyomwona akifanya hivyo, akaipangusa vumbi. “Chifu, maswali ni siri ya sayansi,” akasema. “Mademoiselle ni mwanafunzi mzuri. Analala kwa yule mama, anakula kwake. Namwelewa.” Papa Gedeoni akacheka, wanaume wakacheka, na mimi nikabaki nimesimama katikati yao nikiwa nimegeuzwa tumbo linaloongea. Karatasi ilishinda. Koko Feza alibeba ungo, vyungu na mfuko mmoja wa mbegu, akaenda kwa binti yake karibu na Kashuga. Vita vilipofika huko walihamia kambini, chini ya turubai, na ndiko alikofia. Nilipata habari kwa kuchelewa. Waliokuwa naye wanasema mpaka siku za mwisho aliwatambua wote, na alilalamika juu ya goti.

Profesa alialikwa kwenye mikutano. Aligundua, kama walivyoandika wakati ule, kwamba milima yetu imejaa wazee waliopoteza akili, hasa wanawake, na kwa ugunduzi huo akapata kiti, gari, na picha ukutani katika korido ambayo baadaye nililazimika kuipita kila siku. Nilikuwa naisalimia. Nilimaliza udaktari, nikasomea akili, na kila mara nilipochoka nilimkumbuka akiipangusa kofia, nikapata nguvu. Sina uhakika kwamba kuna dawa bora kuliko hiyo kwa mtu anayeandika tasnifu. Kazi yangu ya maisha, nikiieleza kwa ufupi, ni kipimo kingine. Kinauliza mambo ambayo mzee wa mlimani au wa msituni ameyafanya maisha yake yote: unachaguaje mbegu, unamsalimu nani kwanza ukifika kilioni, unapitia wapi kwenda mtoni, na ni nani usiyemtaja. Hili la mwisho wenzangu walilipinga kwa muda mrefu. Lakini tuliwapima wazee wengi, nikaona jambo ambalo lilinilipa kidogo: mwiko wa wakwe hukaa ndani sana. Mtu anaweza kupoteza mwezi, rais na njia ya soko, na bado akanyamaza mahali pa kunyamaza. Siku anapolitaja jina lile bila kusita, ugonjwa umeshakwenda mbali. Nilikiita Kipimo cha Feza. Kinatumika sasa mahali pengi, na sikumtumia Profesa nakala. Nilimtumia mbili.

Nilifika Walikale nikitokea Kisangani, kwa kuwa njia ya Masisi ilikuwa imefungwa tena. Nyumba yake ilikuwa ya matofali, rangi ya maziwa, yenye ukumbi mkubwa ambamo mchwa walikuwa wameanza kusoma vitabu vyake kutoka chini kwenda juu. Mbele ya baraza punje za kakao zilikauka juu ya turubai. Estere, mwanamke wa umri wangu mwenye macho ya mtu asiyelala, alinipa ugali, uyoga wa msituni na samaki, akanieleza shida yake tukiwa bado tunakula. Binamu yake Bonifasi alikuwa analeta karatasi, na baba yake anasaini chochote; sehemu moja ya miti ya kakao ilikuwa imeshakwenda. Kikao cha ukoo kilisema mzee akithibitishwa kuwa mgonjwa, saini zake hazitahesabika. Lakini kila daktari aliyeletwa na Bonifasi alimpima Profesa kwa kipimo cha Profesa. “Na Papa anapata yote,” akasema Estere. “Anamukosoa mupaka dokta. Halafu anatoka inje, anasahau choo iko wapi.”

Ilinibidi niweke kijiko chini. Nimewaza mambo mengi mabaya maishani, lakini sijawahi kupewa moja likiwa tayari limepikwa namna hiyo. Ningeweza kumpima kwa kipimo chake. Angefaulu. Ningesaini kwamba ni mzima, na kabla ya mvua zinazofuata Bonifasi angekuwa amekaa juu ya shamba lake kama Gedeoni juu ya lile la Nyabiondo, kwa karatasi, kwa muhuri, kwa sayansi. Nilimaliza uyoga nikilionja wazo hilo. Nasema ukweli: lilikuwa tamu kuliko uyoga.

Profesa alikuwa amekaa barazani kwenye kiti cha nyasi, kofia kichwani. Hakunitambua. Kabla sijafungua mkoba alianza mwenyewe, kwa sauti ileile: mwezi, siku, rais, kisha “embe, kiti, mvua.” Aliyatamka kama mtu anayesoma rozari. Kila kitu kingine kilikuwa kimemwagika, na hicho ndicho kilichobaki chini ya chungu. Na hapo nikaona kwamba siwezi. Si huruma iliyonizuia, nisipewe sifa ambazo si zangu. Nilielewa tu kwamba nikisaini kuwa ni mzima, nitakuwa nimesema kwamba kipimo chake ni kizuri. Sikuwa nimesafiri mpaka Walikale kumpa ushindi huo.

Kwa hiyo nilimpima kwa kile cha Koko Feza. Nilimuuliza kakao inakaushwaje. Akatazama turubai lililo mbele yake, akasema hayo mambo waulizwe wapishi. Nilimuuliza mto uko upande gani, akaonyesha Kinshasa. Salamu za kilioni alizichanganya na hotuba ya shukrani kwa wafadhili. Nikaliacha swali la mwisho mpaka Estere alipoketi karibu nasi, kwa sababu mimi ni mtu mbaya na nilitaka awepo shahidi. “Papa Profesa,” nikasema, “mama mkwe wako aliitwa nani?” Mwanaume wa Walikale wa umri wake hamtaji mama mkwe kama vile Koko Feza hakumtaja Mwenye Kilima. Alikaa wima. Akalitaja. Jina lote, la kuzaliwa na la ubatizo, kwa sauti ya kufika barabarani, mbele ya mjukuu wa mama huyo. Estere aliziba mdomo kwa kitenge. “Papa, hapana,” akasema polepole. “Papa, hapana.” Profesa alikuwa ananitazama mimi, amefurahi, kama mwanafunzi anayejua amepata. Akanielekezea kalamu yangu kwa kidole.

“Andika: anajua,” akasema.

Niliandika. Niliandika kwamba ni mgonjwa, kwamba ugonjwa umekwenda mbali, kwamba saini zake zisipokelewe na mtu yeyote, na kwamba amepimwa kwa Kipimo cha Feza. Nikapiga muhuri kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Estere aliisoma karatasi mara mbili, akauliza kama huyo Feza ni profesa wa Ulaya. Nikamwambia ni bibi mmoja wa Nyabiondo, kwamba baba yake aliwahi kukutana naye, na kwamba ndiye aliyeokoa kakao yake. Nilimwomba amsomee jina hilo mzee kwa sauti. Akasoma. Profesa alisikiliza kwa adabu, akaniuliza kama mama huyo amekula.

Mhariri wa kitabu hiki ameniandikia kwamba msomaji angependa kujua Profesa ni nani, na kwa upole ameuliza kama labda nimesahau jina, maana miaka ni mingi. Sijasahau. Ninalijua lote, la kuzaliwa na la ubatizo, na kila siku ninapomfundisha mwanafunzi jinsi ya kuuliza, ninamtaja Feza.